Kanga Niliyoitoa Sandukuni

Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo,
mvua inanyesha.

Kwa mdogo wangu Nyamizi,

Kama umesimama, kaa kwanza, ndipo umwambie mjukuu akusomee, maana barua hii ni ndefu na nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Tatu, binti wa Hamisi, alitaka kunishikia kalamu nikamkatalia. Mtu aliyetandika reli kutoka huko kwetu mpaka ziwani hashindwi na kalamu. Herufi zikipanda kilima na kushuka, ujue ni meza ya huku, imevimba kwa unyevu.

Vipi hali yako? Vipi kifua chako, na macho? Mvua imefika Tabora au bado mnatazama mbingu? Huku sisi hatutazami mbingu, mbingu yenyewe imeshuka imekaa kwenye migomba. Nguo hazikauki. Mimi ni mzima isipokuwa mguu mmoja, na huo mguu ndio nitakaoueleza, kwa sababu najua msafiri wa treni ameshakufikishia habari za uongo kwamba nimekatwa. Sijakatwa. Nimeshonwa.

Nianze na nyumba. Mwanangu Hamisi anafundisha jiografia sekondari, mkewe ni nesi wa zahanati ya huku chini ya mlima. Mkewe ni Mnyakyusa. Nilipofika mara ya kwanza, mwaka ule niliostaafu, nilimkuta njiani na ndoo ya maji kichwani. Aliponiona tu, akatoka njiani na ndoo yake, akaingia ndani ya migomba akanipa mgongo mpaka nilipopita. Nikasema moyoni, sifa zangu zimenitangulia. Nikatembea kifua mbele mtaa mzima. Jioni Hamisi akaniambia, "Baba, hakuogopi. Ndiyo mila yao. Mkwe mwanamke haonani na baba mkwe, hali naye, hataji jina lake." Nikamwambia hata kama ni mila, mila hiyo na sura yangu vinasaidiana.

Basi hivyo ndivyo tunavyoishi. Mimi nikikaribia nyumba nakohoa, naye anahamia jikoni. Nikiwa barazani, yeye anapita nyuma. Akiwa na neno kwangu, anampa Tatu. Tatu asipokuwepo, analisema kwa sauti kwa mbuzi aliyefungwa nyuma ya jiko, nami nalisikia kupitia ukuta wa mabanzi. Yule mbuzi ameambiwa mambo mengi. Vijana wa mjini wanasema mila hizo zimepitwa na wakati, hata wakwe wengine wa kanisani wanakula meza moja. Lakini mama Tatu kalelewa na mama yake kule Lupepo, na mama yake ni mwanamke wa chuma. Mimi sikulalamika. Nilizoea.

Sasa habari yenyewe. Shule ilipanga kuwapandisha wanafunzi Mlima Rungwe wakaone jiwe la volkano na msitu. Muhula uliotangulia, mtoto mmoja aliteguka kifundo kwenye safari kama hiyo wakamshusha mgongoni bila hata kitambaa cha kumfunga, wazazi wakaja juu. Mkuu wa shule akasema safari haitoki mpaka liwepo sanduku la huduma ya kwanza lililokamilika. Hamisi akaleta habari hiyo nyumbani. Mama Tatu naye, kupitia mbuzi, akasema sanduku atalipanga, lakini Tatu haendi.

Tatu ana miaka kumi na mitano na hatulii. Mpira anacheza, mitaro anaruka, mwaka jana alianguka kutoka kwenye mparachichi akavunjika mkono. Mama yake anamjua. Yule mtoto akaja kukaa karibu na kiti changu, hakulia, akawa anachora chini kwa kijiti tu. Nikasema kwa sauti ya kufika jikoni, "Tatu ataenda. Mimi mwenyewe ndiye mdhamini. Nitapanda nao, na sanduku nitalipanga mimi. Genge letu la reli, aliyekuwa anatunza sanduku la dawa alikuwa nani?"

Kutoka jikoni nikasikia, "Wewe mbuzi, mdhamini akishindwa, mtoto hatapanda tena hata kichuguu."

Nikasema, "Tatu, mwambie mama yako nimesikia."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye mizani, Nyamizi. Likitokea baya, Tatu ndiyo basi, atakaa nyumbani mpaka aolewe.

Nikaanza kazi. Nilichukua lile sanduku langu la mbao la reli, unalijua, lenye vyuma pembeni. Nikaenda sokoni. Siku hizi za ruksa ya biashara hakuna kinachokosekana. Wewe unakumbuka miaka ile tulitafuta spiriti kama tunatafuta dhahabu, kidonda tukaosha kwa maji ya chumvi. Sasa duka la dawa kila kona, na mbele ya duka kuna kijana kapanga dawa juu ya turubai pamoja na soksi za mitumba. Nilichagua plasta zenye picha nzuri, rangi nyingi, za kutoka ng'ambo. Nikachukua iodini, dawa ile ya zambarau, pamba, aspirini, bandeji, wembe mpya na kamba ya katani. Wembe na kamba ni vya nyoka: kamba unakaza juu, wembe unachanja, damu mbaya inatoka. Mnyapara wetu ndivyo alivyotufundisha.

Nilipofika Tatu akachukua plasta moja, akanibandika mkononi. "Babu, nenda ukaoge."

"Nimeoga jana."

"Oga na leo, mchumba wangu, tuone."

Nikaoga. Plasta ikabaki kwenye beseni, inaelea. Jikoni mbuzi akaambiwa, "Mlimani ni maji tupu. Inunuliwe plasta ya rola, ile pana ya kitambaa, mtu anakata kwa mkasi anavyotaka." Nilinunua ya rola. Ila nilikwenda siku ya pili, nionekane nimewaza mwenyewe.

Baada ya hapo ukaanza mchezo. Mimi napanga usiku, nikiamka nakuta mtu kapangua. Wembe haupo, kamba haipo. Badala yake kuna vibao viwili laini vya kufungia mfupa, glovu, kipande cha sabuni, pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji kwa mwenye kuharisha, bandeji ya mpira ya kifundo, filimbi, na kibiriti ndani ya nailoni. Nikauliza wembe wangu uko wapi. Tatu akaja na jibu: "Mama anasema aliyeumwa na nyoka hakatwi wala hakazwi kamba. Analazwa atulie, mguu unafungwa na kibao usicheze, anabebwa haraka. Anasema ukikata unamwongezea jeraha la pili."

"Mwambie mnyapara wetu alikata watu wengi."

Tatu akaenda, akarudi. "Mama anauliza wangapi walipona."

Nikaenda kukaza bawaba za sanduku. Nilikuwa na kazi nyingine.

Kitu kimoja ndicho kilichotuchosha. Kila asubuhi nakuta kanga juu ya dawa. Doti nzima, nyekundu na nyeupe, imekunjwa vizuri. Natoa. Kesho ipo. Natoa. Nikamwambia Tatu, "Hili ni sanduku la tiba, si la bibi harusi. Vijana wakilifungua mlimani wakakuta kanga watanicheka." Mbuzi akaambiwa kwamba kanga ni bandeji, ni mbeleko ya mkono uliovunjika, ni blanketi, na ni pazia la msichana akipatwa na mambo yake. Nilikohoa sana hapo, sikutaka kusikia mengine. Asubuhi ya safari niliitoa mara ya mwisho nikaiweka juu ya kitanda cha Tatu, nikafunga sanduku kwa kufuli.

Jambo lingine aliloambiwa mbuzi ni kwamba mbao hulowa, na dawa iliyolowa ni takataka, bora ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mtu mmoja anaibeba. Hilo sikulifikiria hata kidogo. Mimi na ndoo?

Tulipelekwa na gari la kubeba majani ya chai mpaka mwisho wa mashamba, tukaanza kupanda. Sanduku lilibebwa na vijana wawili kwa mti mabegani, kama nguruwe aliyewindwa. Kijana mmoja mrefu wa Ibighi akasema, "Babu, hili sanduku au jeneza?"

Nikamwambia, "Likiwa jeneza, wewe ndiye utakayepimwa kwanza."

Wakacheka. Nilikwenda nao vizuri. Nilifungua kufuli pale ilipohitajika. Mmoja kiatu kilimchuna kisigino, nikamkatia plasta ya rola, haikutoka. Mmoja aligusa washawasha. Mmoja alijikata kidole kwa jani la nyasi kali. Wote niliwahudumia, na Hamisi alikuwa anatazama, na niliona anajivunia baba yake.

Halafu ukungu ukaingia. Nyamizi, ukungu wa mlima ule haufanani na moshi wala vumbi, ni kama mtu amekufunika uso kwa shuka iliyolowa. Tulikuwa ndani ya mianzi. Waliobeba sanduku walikuwa wamechoka, wakalitua kijitoni nyuma yetu wapumzike. Mbele yetu kulikuwa na gogo limelala juu ya korongo dogo, lina kuvu. Vijana wakasita. Nikawaambia, "Tazameni mtu wa reli anavyotembea." Kwa sababu reli ni nyembamba kuliko gogo lile, na mimi nimetembea juu ya reli nikiwa na nyundo.

Reli haina kuvu. Hilo ndilo nililosahau.

Nilianguka upande wa kushoto, na pale chini kulikuwa na kisiki cha mwanzi kilichokatwa kikabaki na ncha. Kikaingia kwenye muundi na kuchana kwenda juu. Damu ilitoka, na ilikuwa damu nzuri, nyekundu, ya mtu mwenye nguvu. Nikaita sanduku. Vijana wakaita sanduku. Sanduku lilikuwa kijitoni, na kijito hakionekani, na ufunguo wa kufuli nilikuwa nao mimi mfukoni chini ya makalio.

Tatu hakungoja. Alishuka korongoni, akaifungua kanga kiunoni. Ni ile ile. Alikuwa ameivaa chini ya sweta tangu nyumbani, doti nzima. Kipande kimoja akakunja mkunjo mnene akaubana kwenye jeraha kwa viganja viwili, akauegemea kwa uzito wake wote. Mguu akauweka juu ya goti lake.

Nikamwambia, "Kaza juu ya goti na kamba ya kiatu."

"Babu, nyamaza."

"Katika genge letu..."

"Babu, leo genge ni mimi. Nyamaza, usitikisike."

Alibana muda mrefu, hakuachia. Damu ilipotulia alizungushia mkunjo ule ncha za kanga akafunga. Hamisi alipuliza filimbi yake ya ualimu, akawakusanya wengine ili wasipotee, na vijana wanne wakapitisha miti kwenye mikono ya masweta yao wakapata machela. Yule mrefu wa Ibighi alitoa sweta lake kwanza, akabaki anatetemeka. Kipande cha pili cha kanga Tatu alinifunika mabegani. Baridi ilikuwa inaniuma kuliko mguu.

Hamisi akabaki na darasa, mimi nikashushwa, Tatu akiwa pembeni. Gari la chai likanikimbiza zahanati iliyo jirani. Zahanati ni hiyo hiyo anayofanyia kazi mama Tatu.

Dereva akapiga honi, akatoka nesi kwa haraka na beseni mkononi. Akaona machela. Akaona ni nani. Akageuka, akatazama ukuta, beseni likiwa bado mkononi.

Dereva akasema, "Nesi, mgonjwa yuko huku, ukutani kuna nini?"

Tatu akamwambia, "Kaka, nyamaza. Ni mkwewe."

Dereva ni wa huku huku. Akavua kofia, akarudi kwenye gari lake.

Mganga mwenyewe alikuwa amekwenda msibani. Hakuna mwingine. Wakaniweka kitandani, na mama Tatu kasimama nje ya mlango, kivuli chake nakiona sakafuni. Nikasema, "Tatu, mwambie mama yako nitamsubiri mganga."

"Tatu, mwambie babu mganga harudi leo."

"Mwambie nitasubiri kesho."

"Mwambie babu kidonda hakijui kusubiri. Kikilala bila kuoshwa kitaoza."

Yeye hakuingia, mimi sikutoka. Kanga mguuni ilikuwa imeanza kulowa tena. Nilikuwa nafikiri kwamba yeye akiingia, mama yake wa Lupepo na ukoo wote watamsema maisha yake yote, na asipoingia, nitapoteza mguu. Na vyovyote vile Tatu hatapanda hata kichuguu. Hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Nikasema, "Tatu, nifunike uso." Tatu anadai lilikuwa wazo lake. Barua yake ataandika yeye.

Akanifunika kile kipande cha pili cha kanga, kuanzia kichwani mpaka tumboni. Nikasikia kandambili zinaingia.

Sikumwona na hakuniona. Aliosha jeraha kwa maji na sabuni, muda mrefu, likauma. Akanichoma ganzi, akanichoma na sindano ya pepopunda. Kila neno lilipita kwa Tatu, ingawa sote watatu tulikuwa ndani ya chumba kisichotosha kitanda cha pili. "Mwambie babu asikaze mguu." "Mwambie mama yako sijakaza, ndivyo ulivyo." "Mwambie babu vipande vya mwanzi bado viwili." Mimi chini ya kanga sikuwa na kazi, nikawa nasoma yale maandishi ya kanga. Yalikuwa kinyumenyume, kwa sababu nilikuwa upande wa ndani. Mpaka nyuzi zinakwisha nilikuwa nimepata neno moja tu, SUBIRA. Mengine yalikuwa kwenye mkunjo.

Alipokata uzi wa mwisho, nikasikia, "Pole, baba."

Hiyo haikuanza na mwambie. Kandambili zikatoka.

Mama yake mama Tatu akaja kutoka Lupepo, maana habari hapa hutembea kuliko gari. Alisalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," nami namjibu hivyo hivyo siku hizi. Akauliza yote, Tatu akaeleza yote. Yule mama akafikiri, huku anatafuna muwa. Kisha akasema, "Uso haukuonekana. Jina halikutajwa. Mguu hauna ukwe." Ila akasema nitoe kuku, njia isafishwe. Nikatoa jogoo mkubwa, ili asiseme watu wa Tabora ni wachoyo. Alikula mapaja yote mawili.

Nimekaa na mguu juu ya kigoda tangu hapo. Nyuzi zimeshatolewa, kwa kufunikwa vile vile. Sasa Hamisi ameleta habari kwamba darasa litapelekwa Ngosi, lile ziwa lililo ndani ya shimo la mlima, na majina yanatakiwa. Tatu hakuuliza. Alichukua kijiti akaanza kuchora chini. Jikoni mbuzi hakuambiwa kitu chochote, siku nzima.

Nikafikiri mwenyewe, nikaona sanduku la mbao linafaa kuwekea nguo. Nikaagiza ndoo ya plastiki yenye mfuniko. Nilipanga mambo yote: plasta ya rola, mkasi, sabuni, glovu, pamba, bandeji, vibao, pakiti za chumvi, filimbi. Wembe sikuweka. Sikuweka kufuli pia. Nilichukua ile kanga, imefuliwa lakini kipande kimoja doa halitoki, nikaikunja nikaiweka juu kabisa, mtu akifungua iwe ya kwanza. Nikaipeleka ndoo mlangoni mwa jiko nikijikongoja kwa fimbo yangu, nikakohoa, nikarudi barazani bila kugeuka.

Nilipokwenda kuitazama baadaye, mfuniko ulikuwa umefungwa vizuri. Juu ya mfuniko kulikuwa na sweta la Tatu, limekunjwa, na soksi mbili nzito.

Mtoto anakwenda. Mimi sipandi safari hii. Siyo kwamba siwezi.

Nisalimie shemeji, mwambie nyundo yangu aliyoazima bado ni yangu. Nisalimie mama mkubwa asiyeona, mshike mkono umwambie ni mimi. Nisalimie fundi cherehani jirani yako na wale mapacha wake, na shehe aliyenifundisha herufi, aone kwamba hakupoteza fimbo zake bure. Hamisi anakuamkia. Tatu anasema shikamoo bibi, na mama yake kamtuma Tatu aniambie nikuandikie kwamba anakuamkia pia.

Mtu akija huku kwa treni kisha basi, mpe doti moja ya kanga aniletee, ile yenye doa nataka ipumzike. Chagua kitambaa kizito. Na maneno yake yawe mafupi, huenda nikayasoma tena nikiwa chini yake.

Ni mimi kaka yako wa miguu miwili,
Ramadhani, wa reli.